Bakuli la Baba Mdogo

Kaka yangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi na mtoto, na kwamba kile kikohozi cha baridi ya huko kimekuachia. Sisi huku tunapumua. Cherehani inalia kutwa, wateja wanagomba nguo zimechelewa, mambo ni yale yale.

Ujumbe wako nimeupata. Unasema Baba Mdogo amekupigia simu akilia, kwamba nimemvunjia heshima mbele ya ukoo, na unataka niende nikapige magoti. Kaka, kabla hujanihukumu, nisikilize.

Unakumbuka kwamba tangu baba afariki, ni yeye aliyekuwa akimletea mama karanga na mahindi kutoka ghalani kwake. Mtaa mzima ulimsifu. Mama alizitupa zile zilizoota ukungu wa kijani, lakini nyingi zilifika zimeshasagwa, na unga utauchambuaje? Mara nyingine uji ulikuwa mchungu. Nikikunja uso, mama alinikemea, akasema si adabu kukagua zawadi.

Ulipokuja kumzika mama ulimwona alivyokwisha. Ila hukuwepo siku daktari aliponiita pembeni. Alinieleza kwamba karanga na mahindi yakiwekwa na unyevu huota kuvu, na kuvu hilo lina sumu isiyoondoka kwa kukaanga wala kuchemsha. Mtu hazili leo akafa kesho. Sumu hula ini taratibu, mwaka baada ya mwaka, mpaka saratani, hasa kwa mtu aliyewahi kuugua homa ya ini kama mama. Hakuapa kwamba ndiyo iliyomuua. Aliniuliza tu mama alikuwa akila nini, nami nikakumbuka ule uji mchungu.

Baada ya mazishi Baba Mdogo aliniita ghalani nimshonee magunia yaliyochanika. Nilikuwa nimekaa nyuma ya shehena, sindano mkononi, nikamsikia akimwagiza mtunza ghala wake: “Haya ya ukutani yamelowa, yameota kuvu. Saga, changanya na mazuri. Ya nyumbani kwangu chukua kule mlangoni.” Mtunza ghala akauliza ile sehemu ya mama yetu marehemu sasa apewe nani. Baba Mdogo akacheka. “Mpelekee binti yake. Wale hawachagui.”

Sikulia. Nilimaliza gunia, nikakata uzi kwa meno, nikaaga kwa adabu. Kutoka hapo nilikwenda moja kwa moja kwa mabwana afya. Lakini kufungiwa ghala ni adhabu ya serikali. Mimi nilitaka yangu.

Jumapili ndugu walikutana nyumbani kumwombea mama. Nilipika uji mzito wa karanga, na bakuli lake nikampelekea mwenyewe. Aliunywa, akausifu, akaomba aongezewe sukari. Alipobakiza kidogo nikasema kwa sauti, shangazi zetu wote wasikie: “Baba Mdogo, karanga hizo ni zako. Zile za ukutani.”

Kaka, ungemwona! Alikurupuka, akakimbilia uani, akajitia vidole kooni, akatapika mbele ya wanawake waliokuwa wakiosha vyombo. Shangazi mkubwa akamfuata, akamuuliza, “Kwani zina nini, hizo ulizomlisha mke wa kaka yako miaka yote?” Akazidi kujitia vidole. Mtunza ghala, aliyekuwa amefuatana naye na kukaa kona, akainamisha kichwa, kisha akasema yote.

Magunia yamechomwa. Ghala lina kufuli. Baba Mdogo anazunguka hospitali hadi hospitali akipimwa ini. Wanamwambia ni mzima, anasema mashine zao mbovu. Wanamweleza bakuli moja si sawa na miaka, haamini. Mkewe anasema anashinda mbele ya kioo akivuta kope, anatafuta umanjano machoni. Nguo zake zote zimempwaya. Mkewe amezileta kwangu nizipunguze.

Sasa nikwambie nisilomwambia mtu. Karanga za bakuli lile nilizinunua sokoni, kavu, safi, nikazichambua moja moja. Mimi mwenyewe nilikunywa uji wa sufuria ile. Sumu haikuwemo hata chembe.

Juzi alikuja mlangoni, ameshika fremu asianguke, akaniomba kwa ajili ya marehemu nimweleze zilikuwa karanga gani hasa. Nikamtazama. Nikamwambia, “Kuvu lile halina haraka, Baba Mdogo. Subiri.” Nikafunga mlango, na kwa mara ya kwanza tangu tumzike mama, nikala nikashiba.

Kwa hiyo sitapiga magoti. Wewe ukimwonea huruma, namba yake unayo, mpigie umwambie kweli. Sitakulaumu. Ila kabla hujapiga, mwambie wifi amwage ule unga wa lishe wa ghalani ambao Baba Mdogo aliwatumia mtoto alipoanza kula.

Mbusu mtoto kwa niaba ya shangazi yake, na wifi mpe salamu zangu zote. Mungu awalinde huko mliko.

Mdogo wako akupendaye,
Bi Sindano