Namjua kwa Ndoo Yake

Jumanne, 5 Machi
Mshikio wa ndoo ulianguka – kang. Basi. Tangu asubuhi sijaacha kuusikia.

Mama Usafi alikuwa anapiga deki chini ya meza za hadubini, akiimba pambio kwa sauti ya chini. Mkuu wa maabara akamtania: "Mama, mwombe Mungu wako atupimie hizi sampuli, sisi twende chai." Kisha akanigeukia. Eti na mimi msomi, najuana na huyu mlokole?

Nikasema namjua kwa ndoo yake tu.

Wakacheka. Nami nikacheka. Ndipo mshikio ulipomponyoka.

Jumapili yeye ndiye msimamizi wangu wa ubatizo. Miezi mitano amenifundisha kusali, sebuleni kwake, bila mtu kujua.

Jumatano, 6 Machi
Nilimfuata stoo ya mifagio. Nilikuwa na hotuba nzima kichwani. Akanikatiza: "Mwanangu, ulimi hauna mfupa. Nishikie ngazi." Nikashika ngazi.

Kusamehewa upesi hivyo kunauma kuliko kutukanwa.

Nilimwonea haya yeye, au Mungu? Au labda naamini nikiwa sebuleni kwake tu. Nikitoka nje, imani inabaki na viatu vyake mlangoni.

Ijumaa, 8 Machi
Chakula cha jioni. Baba – miaka thelathini ya kufundisha baiolojia – anasema jirani yetu kaokoka, yaani kastaafu kufikiri. Mama akamwambia amwache, kila mtu na lake. Baba akanipigapiga begani: "Wewe umerithi kichwa changu, binti yangu."

Nikaomba chumvi. Chakula kilikuwa na chumvi tele.

Jumamosi, 9 Machi
Mchungaji kapiga simu. Kwa kuwa kwetu hawaelewi, anaweza kunibatiza faragha, ibada ikiisha. Nikasema asante, itafaa. Nikakata simu, nikajichukia.

Saa kumi na moja jioni nimeandika ujumbe mmoja, nikautuma kwa Baba na kwenye kundi la maabara: Kesho saa tatu nabatizwa mbele ya watu wote. Anayenisimamia ni Mama Usafi.

Mkuu wa maabara kajibu kwanza. Vikaragosi vitatu vya kicheko. Kisha: "Kumbe Mama Usafi anahubiri saa za kazi? Jumatatu aje ofisini kwangu."

Sikumwomba Mama Usafi ruhusa. Nimesafisha dhamiri yangu kwa jina lake.

Nimempigia mara mbili, hapokei. Sebuleni Baba kazima runinga. Anamuuliza Mama miwani yake iko wapi.