Jibu Lisilohusiana na Picha

Dada mpenzi,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na shemeji, na huyo bwana mdogo ambaye naambiwa sasa anaunganisha maneno mawili mawili na kila mnyama kwake ni paka. Mwacheni, atayarekebisha mwenyewe. Natumaini mgongo wako umepata nafuu na umeacha kuinua yale masufuria ya pale shuleni, ingawa nakujua, ukiona wasaidizi wako wanazubaa unashika mwenyewe. Mimi huku ni mzima wa mwili. Bado nakaa kwenye chumba kile kile cha ghorofa ya tatu, dirisha linatazama ukuta wa jirani, na bomba linavuja kwenye ndoo ile ile uliyoniachia.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Soma hadi mwisho, utaelewa kwa nini sikupiga.

Kila tukiongea unaniuliza namaliza lini, nami nakujibu karibuni. Najua jibu hilo limekuchosha. Uliwahi kumwambia shemeji kwamba mtoto amezaliwa, ametambaa, ametembea, na mdogo wako bado anasomea maneno. Nilicheka, lakini liliniingia. Basi leo nakueleza kilichobaki.

Shahada ya uzamili ya isimu si kufanya mtihani ukaenda zako. Kuna masomo ya darasani mwaka mzima, hayo niliyamaliza, ukiacha fonetiki niliyoirudia. Kisha unaandika pendekezo la utafiti, unalisoma mbele ya idara, wanalichana, unalishona upya. Kamati ya maadili ikikupa kibali unakwenda kukusanya data, unaandika tasnifu, na msimamizi anaisoma sura kwa sura. Wangu tunamwita Wino Mwekundu. Hana ubaya, ila kurasa zangu zilikuwa zikirudi kama zimechinjiwa kuku. Baada ya hapo inapelekwa kwa mtahini wa nje, unaitetea mbele ya watu watano, unafanya marekebisho waliyokuagiza. Ndipo wanasaini, karani wa maktaba anapokea nakala tatu zenye jalada gumu, na jina lako linaingia kwenye orodha ya wahitimu.

Nimeyapita yote hayo isipokuwa marekebisho. Nimekwama hapo miezi mitano. Orodha inafungwa mwisho wa mwezi huu, na usajili wangu unakwisha nao. Nisipoingia safari hii, miaka minne yote imekwenda bure.

Unakumbuka kwamba tasnifu inahusu jinsi maneno yanavyompotea mtu aliyepigwa na kiharusi, na kwamba mtu mwenyewe alikuwa Mama. Nilikuomba kwa simu, nawe ukaniambia kama kitamsaidia mgonjwa mwingine basi na kiandikwe. Ulikuwa umelazwa wakati ule, mimba inakusumbua, daktari amekukataza hata kushuka kitandani. Ulilia kwamba mimi nipo na Mama nawe hupo. Watu wote walinisifu kwa kuacha masomo nikaja kumuuguza. Sikuwa nimeacha masomo, Dada. Nilikuja nayo.

Kila siku saa tatu asubuhi nilimkalisha chumba cha mbele, kwenye meza ya cherehani yake. Nilikuwa na kadi sitini za picha: kikombe, ngazi, ufunguo, sindano, mbuzi. Namwonyesha kadi, nawasha kinasa sauti, nahesabu sekunde thelathini. Kanuni ilikuwa nisimsaidie neno, nisitikise kichwa, nisitabasamu. Sindano aliitaja upesi kila siku, ungedhani ananiambia hilo msinifundishe. Kikombe kilimshinda. Alikuwa akinitazama mdomoni, anasubiri nimwanzishie herufi ya kwanza, jinsi alivyokuwa akitusubiri sisi tumtungie uzi macho yake yalipoanza kufifia. Nami nilimtazama tu hadi sekunde ziishe, nikaandika: kimya. Kuna majibu ya aina nne kwenye jedwali langu. Sahihi, karibu na sahihi, kimya, na jibu lisilohusiana na picha.

Sasa mtahini wa nje, ambaye sijawahi kumwona hata sura, ameniandikia marekebisho tisa. Manane ni nukta na marejeleo, niliyamaliza kwa wiki moja. La tisa ni hili. Anasema kuna jibu lisilohusiana na picha ambalo ni lile lile, limejitokeza mara arobaini na moja, na limeanza wiki ya pili. Anauliza neno hilo lilikuwa na maana gani kwa mgonjwa, na ni kitu gani kilichobadilika nyumbani wiki ile. Tena ameona kwamba fomu ya ridhaa niliisaini mwenyewe, kama mtafiti na kama ndugu wa mgonjwa, jambo lisilokubalika. Anataka saini ya ndugu mwingine wa karibu. Mama hakuwa na mwingine ila wewe.

Neno lenyewe ni Kidoti.

Namwonyesha kikombe, anasema Kidoti. Namwonyesha ngazi, anafikiri kwanza, anasema Kidoti. Alikuwa akikuita wewe, Dada, kwa jina ambalo yeye peke yake alikuwa akikuita, nami nilikuwa nikiweka alama kwenye safu ya nne.

Nilimpelekea Wino Mwekundu swali hilo. Hajui lolote la nyumbani kwetu. Aliniambia nisijitese, wagonjwa wengi huwa na neno moja wanalolirudia bila maana, niandike sentensi moja ya hivyo naye atasaini siku hiyo hiyo. Kuhusu fomu, alisema nimtumie tu dada yangu asaini. Saini yako naijua vizuri, unakumbuka nilivyoiigiza kwenye ripoti zangu za darasa la sita ukanifichia siri. Jana nilikaa na fomu mezani tangu asubuhi hadi chai ikapoa mara mbili. Ilikuwa kazi ya nusu dakika.

Sasa nikwambie kilichobadilika wiki ya pili.

Wiki ya kwanza ulikuwa ukipiga simu kila jioni, nami namwekea Mama sikioni. Ulikuwa ukimsimulia chakula cha hospitali, ukimwimbia, ukimgombeza ale. Jumapili ile mliongea karibu saa nzima. Kesho yake asubuhi alitaja maneno kumi na moja ambayo hakuwa ameyataja tangu augue. Alitaja na kikombe. Akacheka kwa upande ule mmoja wa uso. Mtu mwingine angekimbia nje kuwaambia majirani. Mimi nilichora mstari wangu kwenye grafu nikauona umepanda mahali ulipotakiwa kushuka, na nikaudhika. Utafiti wangu ulikuwa wa maneno yanayopotea. Nilikuwa nimeandika kwenye pendekezo kwamba mazingira ya mgonjwa hayatabadilika, chumba kile kile, saa ile ile, mtu yule yule. Simu yako ilikuwa inaniharibia.

Jioni yake ulipopiga, nilikwambia Mama amekata kauli kabisa. Ukasema haidhuru, nimwekee simu sikioni asikie tu sauti yako. Nikakwambia daktari amekataza, kelele zinampandisha presha. Daktari hakusema kitu kama hicho. Aliyesema ni mimi, Mama akiwa amekaa hatua tatu kutoka kwangu, anaitazama simu.

Nilijiambia ni wiki tatu tu. Zikawa tisa, mstari ukashuka vizuri jinsi nilivyotaka, kisha kiharusi cha pili kikamchukua wiki ya kumi na moja. Ulifika siku ya tatu baada ya mazishi, mtoto mikononi, mshono wa upasuaji bado mbichi. Ulikaa kwenye kitanda chake ukaniuliza kama kuna chochote alichosema. Nikakujibu hakusema kitu. Ukanishukuru kwa kumuuguza. Hayo mawili, jibu langu na asante yako, ndiyo ninayoamka nayo kila siku.

Sitaki kusingizia elimu wala msimamizi. Hakuna kanuni iliyoniagiza nikudanganye. Nilitaka kumaliza, basi.

Ndani ya bahasha utakuta fomu. Sijagusa mahali pa saini. Nimeshamwandikia mtahini majibu ya swali lake kwa ukweli, nakala yake nimekuwekea, lakini sitaipeleka kabla hujasema. Usiposaini, tasnifu inaishia hapa, na sitakulaumu wala kukuuliza tena. Ukisaini, usifanye hivyo kwa kunihurumia.

Kuna na kadi ndogo ya kumbukumbu, ya kutia kwenye simu, shemeji atakusaidia kuifungua. Nimekata vipande vyote arobaini na moja vya sauti ya Mama nikavipanga kwa tarehe, na mwishoni nikaongeza kimoja ambacho hakimo kwenye jedwali. Vikiungana havifiki dakika mbili. Sikiliza ukiwa umekaa. Sauti inazidi kudhoofika, lakini jina haliharibiki hata mara moja. Hicho cha mwisho hakina picha. Nilikuwa nimeshakusanya kadi zangu, kinasa sauti nimekisahau kinaendelea. Aliinua ule mkono mzima akaelekeza kidole kwenye simu, akalisema polepole, herufi zote. Baada yake utanisikia mimi nikitaja tarehe, kisha nikizima.

Nisalimie shemeji, na umbusu mtoto mashavu yote mawili kwa niaba ya mama yake mdogo. Akikosea neno, msaidieni.

Nasubiri, hata kama ni kimya.

Mdogo wako,
mliyekuwa mkimwita Profesa