Tangazo la Fleti Wakati wa Mapumziko

Ijumaa, baada ya fainali

Hakusema. Mume wangu Salim aliniahidi kwamba mpira ukifika mapumziko atamwambia mama yake kuwa tunahama hapa kwake Hail, tunakwenda kupanga fleti mtaa wa Azaiba, wenyewe wawili.

Mapumziko yakaja na matangazo yake, na hakimu wa matangazo ni mavyaa wangu huyo. La gari: "Jangwa lote hilo anakwenda wapi, na viti vitupu?" La sabuni: "Kanzu haijachafuka, anafua nini?" Nilicheka kweli. Huyu mama ana maneno.

Kisha likaja la fleti. Mume na mke, kochi jeupe, dirisha linatazama bahari, kimya. Nikamkanyaga Salim mguu: sema sasa!

Mama akawatazama kwa huruma, bila mzaha hata kidogo. "Maskini," akasema. "Hawana watu."

Salim akainamia kikombe chake. "Kweli, mama."

Mama akanigeukia miye, akanifunika miguu kwa kanga yake maana kiyoyozi kilikuwa kikali. "Au vipi, mwanangu?"

Lau angekuwa mkali, ningejua la kumjibu.

"Kweli, mama," nikasema.