Barua ya Chupa ya Chai

Jumamosi, 8 Agosti 1992
Siku ya tano tangu tuvuke mpaka kutoka Kenya. Baridi kali. Nimevaa sweta mbili. Wingu limefunika Mlima Meru mpaka mashambani. Maombi saa kumi na mbili na nusu, kisha kazi. Paa la chumba cha shule ya Jumapili limefika nusu.

Mimi ni katibu wa misheni. Naandika nyumba tulizotembelea, wagonjwa tuliowaombea, misumari iliyobaki. Mchungaji alinichagua kule Voi kwa sababu nina mwandiko mzuri na sisahau kitu. Sikumwambia kwamba nilikubali kwa kuogopa kukataa.

Nimepangiwa kulala kwa Mzee Lomayani, mzee wa kanisa huku juu ya Ngaramtoni. Ng'ombe sita, mahindi yameshavunwa. Mkewe ananijazia sahani bila kuniuliza. Binti yao Naserian anasomea ualimu, yuko likizo. Ananirekebisha Kiswahili. Jana nilisema, "Nipe chai." Akacheka. "Karani, kwetu tunaomba. Wanaosema nipe ni watoto na askari wa barabarani."

Mimi, niliyekuwa wa kwanza darasani kwa Kiswahili. Aibu. Lakini nilifurahi pia. Nyumba hii inanifaa.

Jumapili, 9 Agosti
Nimevunja chupa ya chai.

Si ile ya bluu ya kila siku. Ile ya wageni, yenye maua mekundu, inayokaa juu ya kabati kwenye kitambaa cha kufuma. Nilikuwa peke yangu sebuleni kabla ya ibada. Nilifuata Biblia yangu, kiwiko kikaiangusha chupa. Nje haina hata mkwaruzo. Ndani vioo vinalia kama kokoto. Niliirudisha kwenye kitambaa chake. Nikaenda kanisani, nikaimba.

Baada ya chakula Mama akaisimulia mwenyewe, bila kuulizwa. Aliinunua Namanga miaka ile ambayo hata sabuni ilikuwa haipatikani. Aliivusha ndani ya furushi la khanga, amelibeba mgongoni kama mtoto. Siku hizi maduka ya Ngaramtoni yamejaa chupa za Uchina, lakini hii haibadilishi na kitu. "Imetoka kwenu Kenya," akaniambia. "Ni ndugu yako."

Niliitikia kwa kichwa. Mimi ni mwongo na mwoga.

Jumatatu, 10 Agosti
Mara tatu nimejaribu kusema. Mara ya mwisho niliishia kusifu ng'ombe.

Basi nimeandika barua. Kwa kalamu siogopi mtu. Nimeirudia mara nne mpaka ikawa safi. Nimeanza na shukrani, kisha: "Naomba mnisamehe." Nimeitia kwenye bahasha nyeupe ya misheni. Mchana nilishuka Ngaramtoni kununua kilo mbili za sukari. Haifai kuomba msamaha mikono mitupu.

Kuipeleka mwenyewe sikuweza. Barua na sukari nimewapa Mzee Mwakio na Mzee Shako, mafundi wetu wa paa, waliokuwa wanakwenda kumsalimu Mzee jioni. Sikuwaambia ndani mna nini. Niliona haya.

Nilisimama nyuma ya zizi nikasikiliza. Walikuwa wamevaa makoti kwa heshima. Mzee Mwakio akasema, "Kijana wetu ana ombi lake kwenu. Ameshindwa kulisema kwa mdomo, ameliandika." Mzee Lomayani akasema barua imefika. Akaipokea kwa mikono miwili. Hakuifungua. Aliiweka ndani ya Biblia.

Nimeshusha pumzi. Limekwisha.

Jumanne, 11 Agosti
Halijaisha. Barua bado iko ndani ya Biblia, naiona pembe yake.

Mama amenipa mtindi kwenye kikombe kikubwa kuliko cha Mzee. Alinitazama viatu kwa muda mrefu. Naserian hakuniitikia salamu. Mabati ya upande wa mashariki yameshapigiliwa.

Jumatano, 12 Agosti
Mzee ameniita. Barua ya namna hii, alisema, haifunguliwi na mtu mmoja. Kesho wanakuja wadogo zake wawili, mmoja anatoka Olasiti, mwingine Kwa Mrombo.

Ukoo mzima kwa ajili ya chupa! Nimewaza kuomba nirudishwe Voi. Mchungaji ataulizwa sababu. Misheni nzima itaaibika kwa ajili ya kiwiko changu.

Halafu akaniuliza baba yangu anafanya kazi gani, tumezaliwa wangapi, nina ugonjwa gani. Nilijibu kweli tupu. Baba yuko reli. Tuko saba. Nina pumu kidogo. Akafikiri. "Pumu si neno," akasema.

Mtu mwema sana. Anauliza afya yangu kabla ya kunihukumu.

Alhamisi, 13 Agosti
Niandike kwa utaratibu, vinginevyo sitaamini.

Asubuhi, bombani. Naserian ametua ndoo mbele yangu. "Karani, jina langu la ubatizo unalijua?" Silijui. "Hulijui. Na umeleta washenga, na sukari, na barua."

Kwetu barua ni barua. Hapa wazee wawili wenye makoti wakileta bahasha nyeupe kwa baba mwenye binti, ni posa. Nimeposa. Tangu Jumatatu mimi ni mchumba wa mtu.

Nikamwambia habari ya chupa, yote. Nilidhani atanipiga. Alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo. Kisha akainuka ghafla. Kama barua ikisomwa mbele ya baba zake wadogo, alisema, baba yake ataumbuka, naye atachekwa mpaka chuoni: msichana aliyedhani ameposwa kumbe ni chupa. "Kaseme mwenyewe. Kwa mdomo. Kabla hawajafungua."

Wazee watatu walikuwa wameshakaa. Biblia mezani. Mbuzi amefungwa nje. Mama amesimama mlangoni na khanga mpya. Nikasema shikamooni. Nikasema, naomba kusema. Sauti ilikuwa kama ya mtu mwingine, nyembamba, lakini ilitoka. Nilisema kiwiko, Biblia, Jumapili, woga wangu. Nilisema washenga hawana kosa, hawakujua. Nilisema Naserian hana kosa kabisa.

Mzee Lomayani alinitazama. "Kwa hiyo binti yangu humtaki?"

Nilisema binti yake ni mwema kuliko ninavyostahili, ila mimi nilikuwa nimekuja kwa ajili ya chupa.

Baba mdogo wa Olasiti ndiye aliyeanza kucheka. "Mkenya huyu! Ameiletea chupa washenga!" Akapiga goti lake. Yule wa Kwa Mrombo akauliza mahari ya chupa ni ngapi. Mwishowe Mzee mwenyewe akacheka, akifuta macho kwa kofia.

Mama hakucheka. Alikwenda kabatini, akaitikisa chupa, akasikiliza vile vioo. Hapo ndipo nilipoumia hasa. Akanigeukia. "Ulibeba kitu hiki siku nne zote? Pole, mwanangu."

Nililia. Mbele ya watu wote. Sijali.

Mbuzi hakurudishwa zizini. Mchungaji na mafundi wakaitwa. Mzee Mwakio amenuna kidogo kwa kufanywa mshenga bila taarifa, lakini amekula vizuri.

Ijumaa, 14 Agosti
Bati la mwisho limepigiliwa saa nane. Watoto wakaingia kabla hatujatoa ngazi.

Naserian ameisoma barua kwa sauti, kwa ombi la Mama. Amesahihisha herufi moja kwa kalamu nyekundu. Jina lake la ubatizo ni Tabitha. Nimeliandika hapa nisisahau.

Jumamosi, 15 Agosti
Tunaondoka saa tatu. Mzigo wangu uko mlangoni. Wingu limepanda kidogo, mlima unaonekana mpaka mabegani.

Chupa ya maua bado iko juu ya kabati, kwenye kitambaa chake. Ile ya bluu iko mezani.

Nikasema, "Mama, naomba chai."

"Chupa hiyo hapo," akasema, akaendelea kufunga mahindi ya safari. "Jimiminie."

Nikajimiminia.