Goti la Mtu wa Kitini

...kwa hiyo, mama, lile la daktari nililokuficha katika barua ya juzi nalitoa leo, maana hata chakula hakinipiti.

Naibusu mikono yako kwanza. Mguu waendeleaje? Bado wauma ukiinuka? Sisi hapa Likoni wazima, na mkweo Athmani anipenda mpaka naona haya kukuandikia. Akitoka kazini Kipevu hushuka ferini na kikuba cha asumini cha kunipachika nyweleni, mafuta ya mashine hajayanawa hata!

Tulipokwenda kwa daktari atakayekupasua, alitushikisha goti la bandia. Juu ni chuma kinachong'aa, huvishwa ncha ya mfupa wa paja. Chini ni sahani ya plastiki, chuma kiteleze juu yake. Lilikuwa zito na baridi, mama. Akauliza, “Mama yenu hukaaje nyumbani?”

Nikadakia, “Kitini, daktari. Kwetu Lamu tuna makochi.”

Nilitaka tuonekane watu.

Njiani Athmani akanicheka. “Makochi ya nani, bibi harusi? Mimi nilimkuta mama amekalia mbuzi, akuna nazi!” Kisha akaanza kunieleza. Yeye ni fundi, alikwisha kuona kwa nini tuliulizwa. Goti lile limechongwa likunjike kiasi cha mtu wa kitini. Zaidi ya hapo lakwama. Yapo ya umbo jingine, hukunjika zaidi, lakini daktari lazima ajue kabla ya kuagiza, na agizo laondoka mwisho wa mwezi. Na hayo nayo, hatujui kama yatakufikisha kwenye sijida.

Jana nilijifunga goti kwa leso na kipande cha ubao, lisipinde kupita lile la daktari, nikatandika msala. Wallahi sikufika chini. Nilianguka ubavu nikalia, nikikuona wewe. Athmani akaninyanyua, akasema, “Basi twende tukamwone mwenyewe anavyokaa.”

Nisalimie shangazi anayekukanda mguu, na kaka, na jirani yetu mwenye makochi. Usimwambie kitu.

Kwa daktari nitarudi mwenyewe niseme kweli, ila nataka kwanza Athmani akutazame kwa jicho la ufundi. Tutakuja mapema, kabla agizo halijaondoka, inshallah. Tukifika, mama, usituazimie viti. Kaa chini kama siku zote, tukuone.

Mwanao,
Rukia