Mkulima Bora Asiyejua Kupogoa

Mama Cecilia mshauri wetu, shikamoo, naomba msaada na tafadhali usinicheke. Mimi ni Sila wa Makutupora, nina shamba la zabibu kwenye skimu ya umwagiliaji, yaani limeandikwa jina langu, maana kwetu mashamba huandikwa ya baba, ila kusema kweli anayelilima mwaka wa tisa huu ni mke wangu Anyesi, yeye ndiye anayepogoa, ndiye anayefungua maji siku ya zamu yetu na kuzibua mipira ya matone ikiziba kwa chumvi, mimi nahudhuria vikao, na huko vikaoni wakanichagua mkulima bora, wiki ijayo wakulima sitini wanakuja shambani niwafundishe, nikaona aibu kumuuliza mwanamke, basi Jumapili alipokwenda kanisani nikaingia kujifunza mwenyewe na panga langu, nikakata mistari miwili hadi kwenye shina, aliporudi akatazama akasema, "Haya, mkulima bora, shamba lako hilo," tangu hapo hakanyagi shambani, zamu ya maji imepita, machipukizi yananyauka, nifanyeje arudi kazini kabla ya wageni, bila watu kujua?

Sila, marahaba. Nilijitahidi nisicheke, nikafika kwenye panga. Mizabibu hupogolewa kwa mkasi, baba, na jirani yeyote angekuambia. Unataka watu wasijue, halafu unaandika jina na kijiji chako kwa gazeti, wala hukuomba nilifiche. Nakuhurumia kidogo, kwa kuwa kuumbuka mbele ya watu kunauma. Lakini cha kuvunda hakina ubani, na mashina matupu yale wataona wote sitini.

Unasema arudi kazini. Kazini kwa nani? Hata kibarua wa msimu hulipwa na kushukuriwa. Wewe umekula jasho la mwenzio miaka tisa, ukapokea na sifa zake, na bado unaona aibu kumuuliza.

Leo hii mwombe jirani akugawie maji kidogo kwenye zamu yake, ukafungue koki kwa mkono wako. Kama hujui ilipo, waulize watoto wako. Kesho asubuhi nenda kwa katibu wa skimu, mwambie mkulima bora ni Anyesi, na jina lake liandikwe kwenye shamba. Ukishamaliza, ndipo umwombe mkeo msamaha, na umuulize kama angependa kuwafundisha wageni.

Akikataa, wapigie wageni simu wasije. Na jina lake libaki palepale. Humhongi, unamrudishia kilicho chake.