Tromboni Zinaingia Sehemu ya Nne

Jumapili, Novemba. Mvua iliyochanganyika na theluji tangu asubuhi, na saa tisa mchana giza limeshaingia. Nimechoka hoi.

Leo tulikuwa na onyesho Farsta, kitongoji kimoja cha hapa kwa Waswidi, kwenye ukumbi wa shule. Okestra yetu ni ya watu wa kawaida: walimu, wastaafu, fundi bomba mmoja, na mimi ninayehudumia wazee majumbani mwao. Napuliza tromboni, ile tarumbeta nene ya bomba la kuvuta, niliyojifunza kanisani Bujumbura nikiwa kijana. Kwa mara ya kwanza mke wangu na binti yetu Kezia walikuja kunisikiliza, nami nilijua huenda ikawa mara ya mwisho pia.

Juzi kamati iliamua kuwa msimu ujao tutapiga simfoni, zile tungo ndefu za okestra zenye sehemu tatu au nne, lakini za enzi za mwanzo. Hizo ziliandikwa kwa ajili ya sebule za mabwana wakubwa: fidla chache, zumari mbili, pembe mbili, basi. Tromboni hazimo.

Kiongozi wetu, mama mmoja mpole, alitusimulia historia hiyo wakati wa kahawa. Miaka ile tromboni zilikuwa zinasindikiza waimbaji kanisani, na kwenye simfoni hakuna aliyeziita. Hata klarineti zilizitangulia. Baadaye kumbi zikawa kubwa, watu wakawa wananunua tiketi, sauti nene ikahitajika, ndipo tromboni zikakaribishwa, tena mara nyingi mwishoni tu. Waliofuata waliandika simfoni zinazojaza jukwaa zima, tromboni zikinguruma mapema kabisa. Niliomba tupige moja ya hizo. Nikaambiwa fidla zetu ni chache mno, zitafunikwa.

Ni kweli, ni chache. Lakini iliniuma.

Simfoni ya leo ilikuwa ya zile za enzi ya katikati, tromboni zikiingia mwishoni. Sehemu tatu za kwanza mimi nakaa tu, tromboni imelala magotini. Nimezoea. Nilichosahau, kwa uchovu wa zamu za wiki nzima, ni kumweleza mke wangu. Kanisani kwetu kule Bujumbura aliyepanda mbele anapiga tangu wimbo wa kwanza, na akikaa kimya watu wanajua ana tatizo.

Sehemu ya pili ilipoisha, ukumbi ukanyamaza. Hapa hawapigi makofi katikati. Kiongozi alikuwa ameshainua mkono, mara nikasikia viatu vya visigino. Mke wangu, na kitenge chake cha sikukuu, alikuwa anapanda jukwaani, chupa ya maji mkono mmoja, leso mkono mwingine, kama tunavyomfanyia mwimbaji aliyezidiwa.

"Baba Kezia, uko unagonjwa? Juu ya nini haupulizi?"

"Bado, Mama Kezia. Zamu yangu iko ku mwisho."

"Ku mwisho?" Akanipangusa jasho ambalo halikuwepo. "Pole. Kunywa maji basi."

Nikanywa, ukumbi mzima unatutazama. Kezia alikuwa amejifunika uso kwa skafu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Na wakati huohuo, niseme ukweli, nilimpenda mke wangu kuliko siku ya harusi yetu.

Kiongozi alisubiri mpaka mke wangu alipoketi, kisha tukaendelea.

Sehemu ya nne ilipofika nilipuliza kwa nguvu zaidi kuliko nilivyoandikiwa. Kiongozi alinikazia macho. Nikajifanya sikumwona.

Kwenye treni ya kurudi kwetu Alby mke wangu alisinzia. Kezia, ambaye siku hizi hukaa viti vya mbali nasi, alikaa ubavuni mwangu. Akaniuliza kwa Kiswidi, kama kawaida yake, onyesho lijalo ni lini. Nikamweleza yote: enzi za mwanzo, tromboni hazimo, na kwamba nimeombwa msimu huo nisaidie kupanga viti na kupika kahawa.

Akashusha simu yake.

"Kwa hiyo utarudi watakapofika enzi yako?"

Nikasema ndiyo. Yeye akarudi kwenye simu yake.

Sasa nimevua viatu, chai imepoa mezani, na swali lake bado linanizunguka kichwani. Wazee ninaowahudumia hawanichoshi hivi, hata yule anayenigombeza kila nikifungua mlango. Kungoja ndiko kunakonichosha. Nimengoja makaratasi ya ukaazi, nimengoja nyumba, nimengoja kazi, na jioni za mazoezi nikaenda kungoja tena, kwa hiari yangu, na ala mapajani.

Kanisani kwetu hapa hakuna anayepuliza chochote. Kuna kinanda kimoja na kina mama wenye sauti, na nafasi ya tromboni ipo.

Kesho nikitoka zamu nitampigia kiongozi simu. Nitamshukuru kwa moyo wote, maana alinipokea vizuri. Halafu nitamwambia viti apange mwingine.